Bendera Iliyonasa Forodhani

Anayetaka kusikia na akae, na asiyetaka naye akae, maana mpaka umefungwa na hakuna anayekwenda popote.

Kulikuwa na nchi. Jina lake tuliache, kwa kuwa nchi ile ikitajwa bure huwa inadai risiti. Inatosha kujua kwamba ilikuwa na rais, ilikuwa na redio ya kumtaja rais, ilikuwa na barabara ya lami inayokwenda kwa rais, na ilikuwa na mpaka. Mpaka ndio waliojivunia kuliko vyote. Nchi nyingine zina mipaka ya kupita. Wao walikuwa na mpaka wa kukaa.

Jumatano moja, jua likiwa utosini, alifika pale Bi Sikudhani binti Mshamu, mjane aliyezika waume wawili na bado ana meno. Alikuwa akiendesha mwenyewe pikapu yake, Pijo kuukuu isiyopiga honi ila ikikata kona. Nyuma alifunga godoro, sanduku la nguo, masufuria na jiko la mkaa. Alikuwa anakwenda kuolewa. Watu wa foleni walipomuuliza safari ya wapi, aliwajibu hivyo hivyo, na aliyethubutu kucheka alitazamwa mpaka kicheko kikamrudia tumboni.

Mchumba alikuwa Mzee Mbaruku, fundi baiskeli wa mji wa Kilimatatu, ng'ambo ya mpaka, ndani ya nchi ile. Walikuwa wamepatana ndoa mara mbili na mara mbili ndoa haikuwa. Mara ya kwanza forodha walimrudisha Bi Sikudhani kwa sababu katika picha ya pasi alikuwa amecheka, na nchi ile haikupokea watu wanaocheka kabla hawajaelezwa kuna nini. Mara ya pili walimrudisha kwa sababu hakucheka, ikaonekana si yeye. Sasa Mzee Mbaruku alikuwa amempigia simu, sauti imekauka.

"Sikudhani, mimi ni mtu mzima. Ijumaa nikitoka msikitini nisipokukuta mlangoni, nitajua hunitaki, unaona haya kusema."

"Ninakutaka, Mbaruku. Mpaka ndio haunitaki."

"Ndivyo ulivyosema mara ile. Na Mama Tunu wa nyumba ya pili analeta uji kila asubuhi."

"Uji gani?"

Mzee Mbaruku akasema kwa unyonge, "Wa tangawizi."

Hapo Bi Sikudhani alijua mambo yamefika pabaya. Uji mtupu unavumilika, lakini mwanamke akishatia tangawizi, amekusudia.

*

Forodha ya nchi ile ilikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa hivi. Dirisha la Kwanza lilikuuliza kama umepita Dirisha la Pili. Dirisha la Pili lilikuwa limezibwa kwa matofali tangu enzi ya rais aliyetangulia, lakini mtumishi wake hakuhamishwa. Alikuwa bado nyuma ya matofali, na ukigonga kwa adabu alikuitikia, akakuambia urudi la Kwanza. Ukirudi, la Kwanza lilikuwa limekwenda kunywa chai.

Bi Sikudhani alizunguka hapo Jumatano nzima. Alhamisi asubuhi alifikishwa mbele ya mkubwa mwenyewe, Bwana Lukindo, Kaimu Msaidizi wa Naibu Mkuu wa Forodha, mtu mfupi mwenye kofia ndefu. Bwana Lukindo aliizunguka Pijo akiwa amefunga mikono nyuma, kama mtu anayeangalia ng'ombe wa mahari.

"Godoro hili ni la mtu mmoja au watu wawili?"

"Baba, hilo litajulikana Ijumaa."

"Jiko hili linatumia nini?"

"Mkaa."

"Mkaa uko wapi?"

"Sina. Nitanunua huko kwenu."

Bwana Lukindo alifikiri. Jiko lisilo na mkaa lilikuwa si jiko, kwa sheria zao lilikuwa chombo chenye nia. Lakini siku hiyo alikuwa ameamka vizuri, mkewe hakumwambia neno. Akachukua karatasi ya Bi Sikudhani, akachovya muhuri kwenye wino, akauinua juu ya kofia yake, maana yeye hakuwa mtu wa kugonga muhuri kama wengine. Yeye aliuangusha, kama anaua nyoka.

Na muhuri ulipokuwa huko huko juu, filimbi ikalia. Bendera ilikuwa inapanda.

*

Katika nchi ile, bendera ikitembea, kila chenye uhai husimama. Kuku walikuwa wamesamehewa, baada ya mjadala mrefu bungeni. Na kwa kuwa kila ofisi ilipofunguliwa bendera ilipanda, na ilipofungwa bendera ilishuka, na pale forodhani walifungua baada ya chai, wakafunga kabla ya chai, basi watu wa mpakani walikuwa wamesimama zaidi ya walivyotembea.

Mwenye bendera alikuwa Koplo Ndimbo, askari mwenye shingo ndefu na moyo mzuri. Alivuta kamba, bendera ikapanda, ikapanda, ikafika katikati ya mlingoti, ikasimama. Koplo akavuta tena. Haikuja. Kamba ilikuwa imenasa kwenye kigurudumu chake huko juu.

Watu wakangoja. Bwana Lukindo alikuwa ameinua muhuri, wino unamdondokea kwenye kofia. Nyuma ya Pijo, Chepe, dereva wa lori la nyanya, alikuwa anakula andazi; nusu lilikuwa ndani ya mdomo na nusu nje, na hakuna afisa aliyeweza kusema kwa hakika kama andazi lile limekwisha kuingia.

"Afande," alisema Koplo Ndimbo bila kufungua midomo, "imenasa."

"Bendera ya taifa hainasi, Koplo."

"Basi imepumzika, afande."

"Bendera ya taifa haipumziki njiani."

"Ni kamba, afande. Kamba ndiyo…"

"Na kamba ni ya taifa."

Kuishusha kabla haijafika juu haikuwezekana, maana katika nchi ile kushusha bendera njiani kuliitwa mapinduzi. Kupanda mlingoti kuinasua haikuwezekana pia, maana atakayepanda atakuwa juu ya bendera, na aliyekuwa juu ya bendera alikuwa mmoja tu, naye hapandi milingoti.

"Baba," alisema Bi Sikudhani, naye amesimama wima na mguu mmoja nje ya kiatu, "mkono wako unachoka. Kwa nini usiuache tu uanguke? Karatasi yangu iko hapo hapo chini."

"Mama, usinishawishi."

"Sikushawishi, mwanangu. Nakuonea huruma."

Bwana Lukindo alikaribia kushawishika. Ila alikuwa mtu aliyesoma kanuni, na kanuni zilianza kumzunguka kichwani. Akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia:

"Bendera haitembei. Isiyotembea haipandi. Kwa hiyo jamani, tunaweza kulegea."

Watu wakalegea wote pamoja. Chepe akameza. Bi Sikudhani akanyoosha kidole akionyesha karatasi yake.

"Lakini," akaendelea Bwana Lukindo, na sauti yake ikaanza kuingia unyevu, "kwa kanuni, bendera iliyo juu maana yake kazi. Iliyo chini maana yake mapumziko. Na iliyosimama katikati…" Akavua kofia. "Iliyosimama katikati maana yake amefariki mtu mkubwa."

Akaufuta muhuri, akautia kwenye saraka ya meza, akafunga kwa ufunguo.

"Poleni sana. Tumefiwa. Ofisi imefungwa mpaka marehemu azikwe."

"Nani amekufa?" aliuliza Bi Sikudhani.

Bwana Lukindo akatazama kushoto, akatazama kulia. Koplo Ndimbo alikuwa anamtazama. Mtumishi wa nyuma ya matofali alikuwa amenyamaza anasikiliza. Mkubwa wa forodha nzima angewezaje kusema hajui?

"Mama," akasema polepole, "hayo ni mambo ya juu. Ila ninachoweza kukwambia, nilimfahamu. Mtu wa watu. Tumekula naye."

*

Ng'ambo ya daraja, askari wa nchi jirani waliona bendera ya wenzao katikati ya mlingoti. Walikuwa watu wenye adabu. Nao wakaishusha yao nusu, wakatuma shada la maua na gunia la sukari. Mkubwa wao akapiga simu kwa mkubwa wake, huyo akapiga kwa wake, na kabla chakula cha mchana hakijaiva, redio ya nchi jirani ilikuwa inatoa pole kwa msiba mzito.

Huko mji mkuu, mawaziri walisikia msiba wao kwenye redio ya watu. Wakaogopa. Si kufa kwa mtu kulikowaogopesha, walikuwa wameshazoea. Walichoogopa ni kwamba mtu mkubwa amekufa na wao hawakuambiwa. Katika nchi ile, asiyeambiwa jambo alikuwa ameshaanza kutoka. Kwa hiyo kila waziri alipokutana na mwenzake kwenye ngazi alimshika mkono kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, akasema, "Ni pigo." Na mwenzake akajibu, "Tena wakati huu." Wakaachana, kila mmoja akiamini kwamba yule anajua.

Rais mwenyewe aliletewa taarifa. Akawaza, wamenificha ili nisiumie. Akaguswa na upendo wao, akatangaza maombolezo ya taifa.

Kwenye redio alisimama Waziri wa Furaha, Huzuni na Mambo Mengineyo. Wakati wa sherehe alivaa koti jeupe na wakati wa misiba alivaa lile lile, kwa sababu wizara ilikuwa na koti moja.

"Ndugu wananchi," alisema, "marehemu alizaliwa akiwa mdogo. Akakua. Katika uhai wake alikuwepo. Pengo aliloliacha haliwezi kuzibika, hasa ikizingatiwa kwamba vipimo vya pengo hilo bado vinafanyiwa kazi."

Pale mpakani wakafunga turubai, wakatandika mikeka. Wafanyakazi wa forodha walikaa wakisimuliana wema wa marehemu. Mmoja alisema alikuwa mrefu. Mwingine alisema urefu wake haukuwa wa majivuno. Bwana Lukindo alisimulia walivyokula naye pamoja, na kila aliposimulia chakula kiliongezeka. Alianza na muhogo wa kuchemsha, jioni ikawa pilau ya mbuzi.

Ni Koplo Ndimbo tu aliyekaa peke yake chini ya mlingoti. Bi Sikudhani akamwendea.

"Mwanangu, sema kweli. Kuna maiti?"

"Bibi, kuna kamba."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamesema nimechanganyikiwa kwa majonzi. Wamenipa likizo, lakini siwezi kwenda, kwa sababu mtu wa kutia saini likizo anaomboleza."

Bi Sikudhani akarudi kwenye Pijo, akakaa juu ya godoro lake. Ofisi haifunguliwi mpaka marehemu azikwe, na marehemu hazikwi kwa kuwa hayupo. Asiyekuwepo anaweza kukaa bila kuzikwa miaka na miaka. Na kesho ni Ijumaa. Akamwona Mzee Mbaruku katoka msikitini na kanzu yake, anatazama mlango, mlangoni hakuna mtu. Halafu yupo mtu. Ana bakuli, limefunikwa kwa kawa.

"Bibi, usihuzunike," alisema Chepe kutoka kwenye lori. Nyanya zake zilikuwa zimeanza kulia zenyewe, maji mekundu yanachirizika barabarani. "Wote tumekwama."

"Wewe utauza nyanya nyingine mwezi ujao. Mimi huyu nikimkosa, napata wapi mwingine mwenye kuniogopa kiasi kile?"

*

Ijumaa asubuhi, basi lilitoka upande wa jirani, limejaa wanawake wenye kanga viunoni. Walikuwa wametumwa na serikali yao kuja kulia. Bi Sikudhani aliwatazama wakikaribia kizuizi, akijua watakaa siku tatu kama watu wengine. Lakini wale wanawake walipiga ukelele, "Uuuwi!" na gogo la kizuizi likainuka lenyewe. Basi likapita bila hata kupunguza mwendo.

"Bwana Lukindo! Wale mbona hamkuwakagua?"

"Mama, wale ni wafiwa. Mfiwa hakaguliwi. Serikali yetu inaheshimu machozi."

"Na mzigo wao?"

"Mzigo wa mfiwa ni uchungu."

Bi Sikudhani alirudi kwenye Pijo, akafungua sanduku, akatoa kanga, moja akajifunga kiunoni, moja akajitanda. Kisha akaenda akaketi chini, katikati ya barabara, mbele ya kizuizi, akanyoosha miguu.

"Bibi," alinong'ona Chepe, "umefiwa?"

"Bado. Niache nijaribu."

Machozi hayakuja. Aliwakumbuka waume zake wawili, lakini mmoja alimkumbusha mengi ya kuchekesha na mwingine alimkumbusha deni la koti. Ndipo alipoukumbuka uji. Akauona unamiminwa kwenye bakuli, mzito, wa moto, mvuke wa tangawizi unapanda mpaka kwenye pua ya Mbaruku, na Mbaruku anafumba macho. Hapo yalibubujika yenyewe.

"Uuuwi! Ole wangu mimi! Nani sasa atanifungulia mlango? Nani ataniita kwa jina langu? Nilikuwa njiani, mwenzangu, nilikuwa njiani nakuja!"

Hakutaja mtu. Na hata neno moja la uongo hakusema, mkitazama vizuri.

Chini ya turubai, mazungumzo yalikatika. Wafanyakazi wa forodha walisimama mmoja mmoja. Tangu jana walikuwa wanamlilia mtu wasiyemjua, na sasa ametokea mtu anayemlilia kama anamjua. Bwana Lukindo aliinua mikono kushukuru. Msiba wa taifa ulikuwa umepata mwenyewe!

Alitaka sana kuuliza: marehemu ni nani? Lakini angeulizaje, na yeye amekula naye mbuzi mzima? Akachuchumaa mbele ya Bi Sikudhani, kofia kifuani.

"Mama yetu. Kumbe ni wewe. Na tumekuzungusha madirishani siku zote hizi, hukusema."

"Mngenisikia?"

"Tusamehe. Sasa… tukupeleke pale nyumbani? Nyumbani kwa… pale pale?"

"Pale pale," alisema Bi Sikudhani akijifuta kwa pindo la kanga. "Kilimatatu, nyuma ya msikiti, nyumba ya mlango wa kijani. Kabla ya sala, mwanangu."

Bwana Lukindo alikimbilia simu. Mji mkuu walipopata habari kwamba marehemu ana anwani, wizara ilipumua. Waziri akavaa koti lake. Bendi ya polisi ikapanda gari. Kaburi likaagizwa.

Na kizuizi kikainuka. Mbele pikipiki mbili za ving'ora, nyuma yake gari la Bwana Lukindo, nyuma yake Pijo ya Bi Sikudhani na godoro lake, kwa sababu alikataa kuiacha, na nyuma ya Pijo likajiunga lori la Chepe.

"Na huyu?" aliuliza askari wa kizuizini.

"Nyanya za matanga," alisema Bi Sikudhani dirishani, akilia vizuri tu. "Au mnataka watu wale wali mweupe?"

*

Mzee Mbaruku alikuwa amevaa kanzu, anafunga mlango aende msikitini, ving'ora vilipoingia mtaani. Kabla hajajua akimbilie wapi, bendi ilishajipanga mbele ya karakana yake ya baiskeli, na Waziri wa Furaha, Huzuni na Mambo Mengineyo alikuwa anashuka akitokea upande wa mji mkuu na shada kubwa kuliko mlango. Nyuma yake alikuwa Sheikh Ngwali wa msikiti, aliyetolewa mbio mbio kuja kuswalia maiti.

Halafu akaiona Pijo.

"Sikudhani! Umekuja!"

"Nimekuja. Si nilikwambia?"

"Na hawa?"

"Wamenisindikiza."

"Mbona wanalia?"

Bi Sikudhani alitazama vidole vyake vya miguu. "Wamefiwa na wewe, Mbaruku. Usikasirike. Sikuwa na njia nyingine."

Waziri alikuwa anatazama huku na huku akitafuta jeneza, akiwa na sura ya mtu asiyetafuta kitu. Akamnong'oneza Bwana Lukindo. Bwana Lukindo akamsogelea yule mzee wa kanzu.

"Shikamoo, mzee. Wewe hapa ni nani?"

"Marahaba. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Mwenye mwenyewe? Hakuna mwingine… aliyekuwepo?"

"Hakuna. Ni mimi na baiskeli."

Bwana Lukindo aligeuka rangi ya turubai. Alirudi kwa Waziri akamnong'oneza, na Waziri naye akageuka. Bendi ikaacha kupiga, kipande kwa kipande, ngoma ikiwa ya mwisho. Bi Sikudhani akaona sasa watamfunga, na Mbaruku atabaki na mlango wake wa kijani na bakuli la jirani. Akamshika mkono wa kanzu, akashika kweli kweli.

Waziri alikohoa.

"Serikali," alisema, "haijapata kufiwa kwa makosa. Rais ameshalia. Nchi jirani imeshaleta sukari. Mzee, utaona mwenyewe kwamba kwa hatua tuliyofikia, wewe kuwa hai ni usumbufu."

"Naona, mheshimiwa," alisema Mzee Mbaruku. "Kwani mnataka nifanye nini? Kaburi sitaingia."

"Hapana, hapana, hatujafika huko. Kuna hotuba tu. Imeshaandikwa."

Mzee Mbaruku alimtazama Bi Sikudhani, aliyekuwa bado amemshika. Akatazama koti la Waziri, likitetemeka kidogo mabegani.

"Basi isome," akasema. "Mimi nitakaa hapa pembeni, nitanyamaza."

Akaketi kwenye kigoda chake cha ufundi. Waziri akasoma. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya taifa. Alisema hakupata kulala usingizi kwa kuwafikiria wananchi.

"Nililala," alisema Mzee Mbaruku kwa sauti ya chini.

"Marehemu, tafadhali."

Waziri akaendelea. Alisema hakuna mtoto aliyefika kwake analia akatoka analia. Na hili lilikuwa kweli, maana watoto wa Kilimatatu wote walipeleka kwake baiskeli zilizopasuka mipira. Mzee Mbaruku, ambaye tangu azaliwe hakupata kusifiwa ila na mama yake, tena mara moja, alianza kufuta macho kwa mkono wa kanzu. Watu walipomwona marehemu analia, nao wakalia kwa haki. Ulikuwa msiba mzuri.

Hotuba ilipokwisha Sheikh Ngwali akasimama. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, aliyejua ndoa ya Ijumaa tangu mwezi uliopita.

"Mimi niliitwa nizike," alisema. "Lakini nikimkuta mtu anapumua, kazi yangu nyingine inatangulia. Tukitoka msikitini, hawa wawili nawaozesha."

"Haiwezekani!" alisema Bwana Lukindo. "Yule ni mjane wa taifa. Ameingia kwa machozi. Mjane yuko edani, ataolewaje?"

"Mjane wa nani?"

"Wa marehemu huyu hapa."

"Na anaolewa na nani?"

Bwana Lukindo akafungua mdomo. "Na marehemu huyu hapa."

"Basi kwa serikali wanarudiana," alisema Sheikh, "na kwa Mungu wanaoana. Nipisheni nifanye yote mawili."

Waliozeshwa alasiri hiyo. Waziri alikuwa shahidi, kwa kuwa furaha nayo ilikuwa wizara yake na koti alikuwa nalo. Bendi ilijua nyimbo za mazishi tu, ikazipiga haraka haraka. Nyanya za Chepe zikaingia kwenye wali, zile zilizobaki. Mama Tunu alikuja na bakuli lake, akapokelewa kwa heshima zote, na Bi Sikudhani akalinywa lote mbele yake, akasema asante, limezidi tangawizi.

*

Jioni, watu wakikunja mikeka, Bwana Lukindo alimsogelea bibi harusi akiwa na karatasi mkononi na aibu usoni.

"Mama, kuna jambo. Wewe umeingia kama mfiwa. Mfiwa anaruhusiwa kukaa mpaka maombolezo yatakapokwisha. Yakiisha, inabidi urudi kwenu, uje tena kwa Dirisha la Kwanza."

Bi Sikudhani akaketi juu ya godoro, ambalo lilikuwa bado halijashushwa.

"Na yanakwisha lini?"

"Rais akitangaza."

Mzee Mbaruku, ambaye siku nzima alikuwa hajaomba kitu, alimwita Waziri.

"Mheshimiwa, mimi nimekufa kwa hiari yangu, sikuwasumbua. Nina haja moja tu. Msiache kuniombolezea."

Waziri aliona hilo ni jepesi kabisa. Katika nchi ile, kuanza jambo kulitaka saini moja, na kulimaliza kulitaka saini za wote. Hata bila kuombwa lisingekwisha. Kila mwaka maombolezo yaliongezwa mwaka, kwa sharti moja: afisa wa forodha afike Kilimatatu, ahakikishe kwa macho yake kwamba mfiwa bado analia.

Bwana Lukindo hakukubali kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kila mwaka hufika kabla ya chakula cha mchana, akamkuta Mzee Mbaruku uani amepindua baiskeli, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Vipi mjane wetu? Bado ana majonzi?"

"Ah, hayajapungua hata kidogo," husema Mzee Mbaruku akielekeza kwa bisibisi. "Mchungulie jikoni."

Bwana Lukindo huvua kofia, akachungulia polepole, asimsumbue. Bi Sikudhani yuko kwenye kigoda, kisu mkononi, machozi yanamteremka mpaka kidevuni, anakata vitunguu.